Nyonga ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya ushindi imeanza! Nimeamka kabla ya kengele, nimenyoa ndevu mara mbili, nimefika hospitali wa kwanza. Mlinzi wa getini ameniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia kuna historia inaandikwa. Amesema sawa, basi nisaini daftari.

Hali ilivyo, kwa faida ya atakayeandika maisha yangu: Kitengo cha Picha za Pande Tatu kilipewa miezi mitatu ya majaribio, na miezi hiyo inaisha Ijumaa hii. Siku hiyo Mkurugenzi wa hospitali anakuja na bodi nzima kutukagua. Wakiridhika, tunabaki. Wasiporidhika, chumba kinachukuliwa, na mimi narudi chini kwenye eksirei kuwaambia watu vuta pumzi, shikilia, achia. Miaka kumi na moja nimewaambia watu vuta pumzi. Sirudi!

Kazi yetu hata mtoto anaielewa. Mgonjwa anaingizwa kwenye mashine ya CT. Mashine inampiga mamia ya picha, nyembamba kama slesi za mkate. Sisi tunazipanga slesi kwenye kompyuta hadi mkate unarudi mzima, na mfupa unaonekana unazunguka kwenye skrini. Daktari akitaka, printa yetu inautoa mfupa wenyewe kwa plastiki, ukubwa ule ule, aushike mkononi kabla hajampasua mtu. Maajabu! Kwa miezi mitatu tumetoa mifupa tisa. Madaktari waliokuja kuchukua: mmoja. Aliutumia kuzuia makaratasi yake yasipeperushwe na feni.

Kitengo kina watu wawili. Mimi ni Mkuu. (Barua yangu inasema "msimamizi wa muda", lakini mlangoni nimeandika Mkuu.) Wa pili ni msaidizi wangu, dada mmoja mkimya ninayemwita Bibi Milimita, kwa sababu anapima kila kitu, hata kiti chake kilivyo mbali na meza. Ni hodari, sikatai. Hana maono tu.

Adui ni Bwana Viungo, mkuu wa mazoezi ya viungo, chumba cha jirani. Anataka chumba chetu aweke baiskeli zake zisizokwenda popote. Leo saa nne ameingia bila hodi, mkononi futi kamba, akapima ukuta wetu kutoka dirishani hadi mlangoni. Nimemuuliza anapima nini. Amesema anajifurahisha tu. Amesoma namba kwa sauti, akaiandika kiganjani, akatoka anapiga mluzi.

Tunachohitaji ni kesi moja. Moja tu, ngumu, ya kutikisa jengo. Nimekaa dirishani mchana kutwa nikitazama gari la wagonjwa likiingia na kutoka. Limeleta homa mbili na mtu aliyemeza kifungo cha shati. Si kwamba nawaombea watu mabaya, hapana. Ila kama kuna mtu ameshaamua kuvunjika, basi avunjike kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni

Kesi imepatikana! Imetoka nyumbani kwangu!

Mama mkwe amevunjika nyonga. Asubuhi, mimi nikiwa njiani kwenda kazini, alipanda kwenye stuli jikoni ili apitishe kidole juu ya kabati na kumwonyesha binti yake vumbi. Vumbi lilikuwepo. Stuli ikateleza. Mke wangu amenipigia simu analia hadi sikuelewa neno. Anasema hata pale chini sakafuni mama yake alikuwa bado amekinyoosha kile kidole cheusi, hataki ushahidi upotee.

Nimehuzunika. Nasema kweli. Huyu mama alimlea mke wangu na ndugu zake peke yake, kwa cherehani ya kukanyaga, na hadi leo anashona sare za shule za mtaa mzima. Mtu hawezi kukanyaga cherehani bila nyonga. Nimekaa na mke wangu kwenye benchi la mapokezi, nimemshika mkono, na kwa dakika nne nzima sikukifikiria kitengo hata mara moja.

Dakika ya tano akaja Daktari Nyundo. Huyu ni bingwa wa mifupa. Nyundo ni jina tunalomwita akiwa hayupo. Ametueleza vizuri. Nyonga ina kikombe, na mfupa wa paja una kichwa kama mpira kinachozunguka ndani ya kikombe hicho. Anahofia kikombe chenyewe kimepasuka, lakini picha bapa za eksirei hazimwonyeshi ufa unapita wapi. Akifungua upande usio wenyewe, mama hatatembea sawa tena. Kisha akakuna kichwa akasema, mbele ya mashahidi, laiti angeweza kukishika kikombe hicho mkononi akakigeuza.

Laiti! Nimeruka kutoka kwenye benchi, mke wangu akadhani nimeumwa na mdudu. Nimemwambia Daktari kesho kutwa mchana mfupa uko mezani kwake. Amesema vizuri, basi atapasua Ijumaa alasiri. Ijumaa! Siku ya bodi! Nyota njema huonekana asubuhi, na yangu imeonekana juu ya kabati.

Bibi Milimita amesema pole sana, kaka. Kisha akasema kesi hii aachiwe yeye. Eti mkwe ni mkwe, haipendezi mtu kukodolea macho nyonga ya mama wa mke wake. Nimemwelewa mara moja. Anataka sifa! Nimemwambia kazini hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Amenitazama kidogo, akasogeza kiti chake sentimita mbili nyuma, akaendelea na kazi yake.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna aliyeniambia itakuwa hivi!

Saa mbili asubuhi nimefungua picha za CT alizopigwa jana. Slesi zikajipanga, mkate ukarudi, na hapo kwenye skrini, kubwa kama mlango, ikatokea nyonga ya mama mkwe inazunguka taratibu. Nilisimama wima. Nikasema shikamoo. Sikukusudia, ilinitoka tu.

Miaka tisa ya ndoa sijawahi kuketi naye kochi moja. Akiingia sebuleni nashusha miguu, nazima redio, nakumbuka nina shughuli nje. Akikohoa chumba cha pili, mimi najifunga kifungo cha shati. Na leo ndiye huyo, hana hata ngozi! Nimejaribu kufanya kazi huku nimetazama pembeni. Nimejaribu bila miwani, ikawa afadhali. Mwisho nimetundika leso juu ya skrini ikafunika nusu, nikawa nachungulia kwa chini kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba.

Sasa, programu yetu ina mambo mawili mazuri. La kwanza ni kitufe cha kufagia. Picha huwa na uchafu, vipande vidogo vinavyoelea; unabonyeza mara moja, vinatoweka. La pili ni mstari wa kuvuta ambao mimi nauita Pasi. Ukiuvuta, mfupa wenye mikwaruzo unanyooka. Bibi Milimita havuti kupita alama ya pili. Mwoga! Mimi nimefagia kwanza. Kwa mtu anayependa usafi kama mama mkwe, alikuwa na uchafu wa kushangaza. Kisha, kwa heshima tu, ili usionekane kila mkunjo wa mtu mzima, nimevuta Pasi hadi kumi.

Uzuri ulioje! Nyonga iling'aa kama sahani mpya. Hapo nimevaa miwani yangu na kuondoa leso, maana haikuwa tena nyonga ya mtu, ilikuwa pambo. Ningeweza kuiweka sebuleni na mama mkwe mwenyewe asingejua.

Kikabaki kikwazo kimoja: fomu. Utaratibu wa kitengo (aliuandika Bibi Milimita, mimi nilikuwa likizo) unasema hakuna mfupa unaotoka humu kabla jicho la pili halijaulinganisha na slesi zake na kuweka sahihi. Jicho la pili ni yeye. Angeanza kupima. Angepima hadi Jumapili! Kwa hiyo nimemtuma stoo kuu akatafute kitambaa cha meza kwa ajili ya bodi. Cha kijani. Si cheupe, si cha bluu. Nilijua hakipo.

Kisha nikaisoma fomu upya, polepole, neno kwa neno. Inasema jicho la pili. Haisemi la nani! Mama wa usafi alikuwa anapita na ndoo yake. Nimemwita, nimemwonyesha skrini, nimemuuliza anaionaje. Amesema ni nzuri, ni ya kuwekea matunda? Nimempa kalamu. Ana mwandiko safi kuliko daktari yeyote katika jengo hili.

Printa imeanza saa sita mchana. Itachukua saa kumi na nne. Nimekibusu kifuniko chake. Bibi Milimita amerudi saa tisa na kitambaa cha kijani, kimefuliwa na kupigwa pasi. Sijui amekitoa wapi.

Alhamisi, 6 Juni

Imetoka! Nyeupe, laini, haina doa! Nimeibeba kwa mikono miwili hadi wodini. Nimewaonyesha manesi, nimemwonyesha mtu wa lifti, nimepita mbele ya mlango wa Bwana Viungo mara tatu ingawa wodi iko upande mwingine kabisa. Mara ya tatu alikuwa juu ya baiskeli yake. Aliacha kukanyaga.

Mama mkwe amelala chali, mguu umefungiwa uzito, lakini sauti ni ile ile. Nimempa nyonga huku nimetazama ukutani. Nimemsikia akiigeuza. Ameuliza, hii ndiyo yake? Nimesema ndiyo, Mama. Amesema yeye ana miaka sitini na mitatu na amezaa watano, na hii ni nyonga ya msichana ambaye hajawahi hata kubeba ndoo. Kisha akauliza ilipovunjika ni wapi. Nimemweleza kwa adabu kwamba mambo ya kitaalamu hayaonekani kwa kila jicho. Akasema lake linaona tundu la sindano. Nimemwomba apumzike.

Saa saba nikawa kwa Daktari Nyundo. Ameigeuza, ameigeuza tena, akanyamaza sana. Nilidhani ni furaha. Akasema kumbe! Mstari aliouona kwenye picha bapa alidhani ni ufa, lakini kama kikombe ni kizima namna hii, labda kilikuwa kivuli. Msomaji wetu wa picha yuko likizo, hakuna wa kumuuliza. Na kama kikombe ni kizima, amesema, ya nini kumpasua mama wa watu? Alale wiki nane, maumivu yataisha yenyewe. Ataamua kesho, baada ya bodi kutukagua.

Tumefuta upasuaji! Hakuna kisu! Hakuna skrubu! Nimeshuka ngazi mbilimbili. Nimempigia mke wangu, amelia kwa furaha, amesema hakuwahi kujua kama ameolewa na mtu wa maana. Nimeyachukua maneno hayo yalivyo. Kisha akasema kwa wiki hizo nane mama atalala chumbani kwetu, karibu na choo, na sisi tutalala sebuleni. Nimesema mtandao unasumbua, nikakata.

Hotuba ya kesho tayari. Inaanza: "Mabibi na mabwana, kisu bora ni kile kisichotumika." Nimeisema mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi, na mtu aliyekuwa ndani akaguna kwa kuguswa.

Kitu kimoja tu kimetia mchanga kwenye mambo yangu. Bibi Milimita ameisikia habari na hakufurahi hata kidogo. Kijicho! Ameuliza jicho la pili alikuwa nani. Nimemwambia kila kitu kiko kwenye faili. Ameenda kwenye faili. Amesoma, amevua miwani, ameifuta, ameivaa, amesoma tena. Akauliza kwa upole kama sahihi hii ni ya mama wa usafi. Nimemwambia tusibague watu kwa kazi zao. Akasema, kaka, haraka yako itamlemaza mtu. Hivyo hivyo! Msaidizi kumwambia Mkuu! Nimemwambia atandike kitambaa, nikaondoka saa kumi kwenda kwa kinyozi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nyumbani, mchana wa siku ya kazi.

Saa tatu kamili wamekuja. Mkurugenzi mbele, mama mrefu ambaye hajawahi kuonekana akicheka. Wajumbe sita wa bodi. Daktari Nyundo. Na nyuma yao kabisa Bwana Viungo, ambaye hakualikwa, futi kamba mfukoni. Kitambaa kimetandikwa, nyonga nyeupe katikati, nyingine kwenye skrini inazunguka. Nimeanza. Nilikuwa moto! Niliposema kisu bora ni kile kisichotumika, mzee mmoja wa bodi aliandika. Mkurugenzi ametikisa kichwa kukubali mara mbili, nilihesabu.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Milimita, nguo za jana, macho mekundu, sanduku la viatu mikononi. Kumbe mimi nikiwa kwa kinyozi yeye alirudi kwenye zile slesi, akaupanga mkate upya bila kufagia wala Pasi, akawasha printa. Amemwomba Mkurugenzi radhi. Kisha ameweka nyonga ya pili juu ya kitambaa, kando ya yangu.

Mbaya! Imejaa vinundu na mikwaruzo, imefungwa kwa utepe ili isianguke. Nimecheka kidogo, nikawaambia wageni hiyo ni ya majaribio, waisamehe. Daktari Nyundo hakucheka. Ameinyanyua, ameufungua utepe. Kikombe kikaachana mikononi mwake vipande vitatu.

Daktari ameviunganisha, ameviachanisha, ameviunganisha. Ameufuata ufa kwa kucha, kutoka ukingo wa mbele, katikati ya kikombe, hadi nyuma kabisa. Kisha akachukua nyonga yangu akapitisha kucha pale pale, nayo ikateleza tu. Amemgeukia Bibi Milimita, akamwonyesha vipande vidogo vya pembeni, akamuuliza hivi kwenye ile nyeupe vilikwenda wapi. Bibi Milimita amenitazama mimi. Nilivifagia. Haukuwa uchafu, ulikuwa mfupa wa mama mkwe.

Daktari amesema, wala hakupandisha sauti, kwamba alikuwa anakwenda kumlaza huyu mama wiki nane juu ya kikombe kilichopasuka, na angeamka kilema. Kisha akauliza ya kwanza ilikaguliwa na nani. Fomu ikaanza kutembea mkono kwa mkono. Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ndoo. Akaulizwa. Akasema yeye aliulizwa kama ni nzuri, na ni nzuri, hata sasa anasema ni nzuri.

Nitaandika hapa jambo ambalo sitalisema kokote. Sikuiona bodi tena, wala chumba. Nilimwona mke wangu akimshika mama yake mkono kumpeleka chooni, mwaka baada ya mwaka, na cherehani kwenye kona imefunikwa shuka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilitaka kusema nimekosa. Nilifungua mdomo niseme nimekosa.

Mdomo ukasema, "Kama mnavyoona, mabibi na mabwana, hiyo ya pili ni nyonga kabla ya matibabu, na hii ya kwanza ni baada."

Yule mzee anayeandika alipiga makofi. Peke yake. Mkurugenzi alimtazama hadi mikono ikashuka yenyewe. Hapo Bwana Viungo akaanza kukunjua futi kamba lake taratibu kando ya ukuta. Mkurugenzi akamwambia alikunje. Kisha amemuuliza Bibi Milimita maswali matano na akajibiwa yote matano, kwa namba. Mimi nimeambiwa niende nyumbani nikapumzike. Sikuwa nimechoka, lakini namna alivyosema haikuwa ya kubishia.

Upasuaji haufutwi. Utakuwa kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe amekaa saa nne na nusu ndani ya chumba cha upasuaji! Saa nne na nusu!

Daktari Nyundo amepita mbele yetu na ile nyonga mbaya ndani ya mfuko wa plastiki. Alfajiri alilikunja juu yake kwanza bamba la chuma la kushikilia mfupa, hadi likakaa sawasawa, kabla hata hajamgusa mgonjwa. Sisi kwenye benchi. Mke wangu mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, mkoba wake katikati. Daktari alimweleza yote jana. Tangu hapo amenisemesha mara moja tu, kuuliza ufunguo uko wapi. Nimempa ufunguo. Nilitamani aulize kitu kingine, hata cha kunitukana.

Na kisha mlango! Daktari, kofia imelowa jasho, anacheka! Kikombe kimekaa. Skrubu saba, kila moja mahali pake. Amesema bila mfupa ule wa plastiki angefungua upande usio wenyewe na angehangaika hadi jioni. Mama atatembea. Nikamuuliza, cherehani je? Akasema baada ya miezi mitatu, minne, akanyage anavyotaka.

Nimepiga kelele! Nesi amenionya. Mke wangu amemkumbatia Bibi Milimita, ambaye alikuja siku yake ya mapumziko na kukaa pembeni kimya asubuhi yote. Wamelia wote wawili. Nimesogea nikumbatiwe na mimi. Hawakuacha nafasi. Basi nimelia peke yangu pale kwenye kona, na mama wa usafi amenipa kitambaa. Ni mtu mwema. Sina kinyongo naye.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba kimya. Nimepanda kwenye stuli nikafuta juu ya kabati. Nimesugua na jiko. Nimemwonyesha mke wangu. Kimya bado.

Jumatatu, 10 Juni

Barua ya Mkurugenzi! Tumeshinda! Kitengo kinabaki, chumba kinabaki, na Bwana Viungo amepewa ukumbi wa chini wenye unyevu. Nimeteremka kumpa pole, meno yote nje.

Aya ya pili ya barua inasema kwamba kuanzia leo Mkuu wa kitengo ni Bibi Milimita. Mimi nafanya kazi chini yake, na kwa miezi sita sitagusa mfupa wa mtu mpaka yeye awe amesimama nyuma yangu. Nimeisoma mara nne. Mara tatu za kwanza iliuma. Mara ya nne nikaelewa. Mkurugenzi ameona kwamba kazi ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, akanipunguzia mzigo. Ni mama mwenye huruma kuliko sura yake. Na Bibi Milimita nimemsamehe. Nimemwambia hivyo uso kwa uso. Ameuliza nimemsamehe lipi. Nimesema yote tu, dada, yamekwisha. Ameenda kupima kitu.

Mke wangu ameanza kunisemesha. Leo asubuhi aliniambia nisogee.

Lakini habari yenyewe ni hii! Hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto imetangaza nafasi: Mkuu wa Kitengo kipya cha Picha za Pande Tatu. Mkuu wa kweli, kwa barua! Tangazo linasema wanataka mtu aliyepitia kesi ngumu. Ninayo! Ni moja, lakini ngumu haswa! Wanataka pia mdhamini mmoja, mtu mzima anayeujua vyema mwenendo wa mwombaji na aliyenufaika na kazi yake. Nimefikiri njia nzima. Nani amenufaika na kazi yangu kuliko mama mkwe? Ana skrubu saba!

Nimefika wodini saa kumi. Amekaa, mito mgongoni, anachezesha vidole vya mguu juu na chini ndani ya shuka. Nimefurahi sana kuviona vile vidole, na furaha hiyo haikuwa na mpango wowote ndani yake. Nimemwamkia, nimetazama ukuta, nimempa fomu na kalamu. Nimemweleza ni karatasi ya kawaida, sahihi inakaa pale chini. Hakusaini. Ameisoma kwanza, mstari kwa mstari. Akauliza kama anaruhusiwa kutoa maoni. Nikasema, Mama, jimwage!

Ameandika. Ameandika sana! Amegeuza upande wa pili akaendelea. Katikati amesimama kuniuliza mama wa usafi anaitwa nani hasa. Nimemtajia, ni vizuri kwamba anataka kuwashukuru na wadogo. Alipomaliza ametabasamu. Miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza amenitabasamia mimi! Ameikunja karatasi mara mbili akanirudishia. Akasema, "Nenda nayo, baba. Nimewaeleza wakujue vizuri."

Sikuisoma. Yaliyoandikwa na mkwe hayachunguliwi, heshima ni heshima. Nimelamba bahasha nikiwa bado kwenye ngazi, nimekimbia hadi posta, nimeingia wakati wanafunga mlango. Imekwenda! Nimeshaanza kuwaaga watu.